Kijana wa shule na riwaya nzima: Mwongozo usimnyang'anye kitabu

Na Mwandishi Wetu

LIMURU, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wavulana wawili wa shule wanabishana. Mmoja amesoma Treasure Island, riwaya ya Robert Louis Stevenson wa Scotland, na hadithi ile ya maharamia na hazina imemwingia hata anatamani kuandika ya kwake. Kinachowagonganisha ni swali moja: mtu anaweza kushika kalamu akaandika kitabu bila kibali, au akithubutu atakamatwa?

Hofu yao ilikuwa na msingi. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari, na Mkikuyu alihitaji pasi hata kwa kusafiri. Katika nchi ambayo miguu iliomba ruhusa, haikuwa ajabu mtoto kudhani kwamba kalamu nayo inaiomba.

Mvulana aliyekuwa na tamaa hiyo ya kuandika alikuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Aliyasimulia mambo ya utoto wake katika kitabu cha kumbukumbu, Dreams in a Time of War, kilichotoka mwaka 2010. Alifariki Mei 28, 2025, akiwa amekaa katika uandishi kwa zaidi ya miaka 60.

Tunamkumbuka hapa kwa sababu ya lile tukio dogo la utotoni. Riwaya moja, iliyosomwa tangu mwanzo hadi mwisho, ilimfanya mtoto wa shule ajiulize kama naye anaweza kuwa mwandishi. Hakutumwa na mtihani.

Je, kijana wa leo wa kidato cha tatu, awe Mbeya au Machakos, anakutana lini na kitabu cha kumfanyia hivyo? Na siku anapokutana nacho, anapewa kitabu chenyewe au anapewa karatasi zinazoeleza kitabu kinasema nini?

Uchambuzi umetangulia, kitabu kimefuata

Pita kwenye stesheneri na maduka ya vitabu yaliyo jirani na shule za sekondari. Utakuta vijitabu vya uchambuzi, kwa Kenya huitwa miongozo, vimepangwa mbele. Mara nyingi riwaya zenyewe ni chache, au hazipo. Ambaye hana fedha ya kijitabu hurudufu kurasa za mwenzake, au hupokea faili kwenye simu. Wanafunzi wa Tanzania huziita karatasi za namna hiyo madesa.

Ndani yake mna kila kitu isipokuwa hadithi. Mna dhamira zilizopewa namba, wahusika na sifa zao, mandhari, muundo, mtindo, tamathali za semi na methali zilizotumika. Kurasa zaidi ya mia moja za mwandishi zimekuwa kurasa kumi za hoja.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania wametahiniwa riwaya kama Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Swali la insha limezoeleka: thibitisha kauli fulani kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, hoja tatu kwa kila riwaya. Mwanafunzi aliyekariri hoja sita hupata alama sawa na aliyelala saa sita usiku akifuatilia kisa cha watoto wa mama lishe waliofukuzwa shule kwa kukosa ada. Pengine humpita, maana hoja zake zimepangika vizuri zaidi.

Kenya ina utaratibu wake. Katika karatasi ya fasihi ya KCSE, mtahiniwa huwekewa dondoo kutoka kitabu teule na kuulizwa muktadha wake: nani anasema, anamwambia nani, wapi na kwa nini. Swali hilo lilikusudiwa kumrudisha mwanafunzi kwenye kitabu. Lakini miongozo nayo imejifunza. Leo huorodhesha madondoo yanayotarajiwa pamoja na majibu yake, na kijana huyameza kama yalivyo.

> Ndani ya madesa mna kila kitu isipokuwa hadithi.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kijana akamaliza sekondari na alama nzuri za fasihi, na kwenye cheti hakuna atakayejua kwamba hajapata kufungua ukurasa wa kwanza wa riwaya akafika wa mwisho. Hili ndilo suala la makala haya.

Kitabu kilichoandikiwa mtoto aliye likizoni

Inafaa kukumbuka riwaya iliyomkamata Ngũgĩ ilivyozaliwa. Mwaka 1881 Stevenson alikuwa amepanga nyumba Braemar, katika milima ya Scotland, pamoja na familia yake. Mvua haikukatika. Mtoto wake wa kambo, Lloyd Osbourne, alikuwa likizoni na hana pa kwenda. Wakachora ramani ya kisiwa cha kubuni, na kutokana na ramani ile Stevenson akaanza kuandika, akiwasomea wa nyumbani sura baada ya sura. Hadithi ilitoka kwanza kwa mfululizo katika gazeti la vijana, kisha ikawa kitabu mwaka 1883.

Ni kusema kwamba riwaya hii inayohesabiwa leo miongoni mwa vitabu vikubwa vya Kiingereza iliandikwa ili mtoto wa shule aulize: halafu? Ilipofika Limuru miaka 70 baadaye, mtoto mwingine wa shule aliuliza vilevile.

Kwa Kiswahili ilikuwa imeshafika. Mwaka 1929 ilichapishwa tafsiri yake, Kisiwa chenye Hazina. Mwaka huohuo ikatoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1885. Safari za Gulliver ikafuata mwaka 1932. Nyuma ya kazi hizo alikuwapo Frederick Johnson, ofisa aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili. Jarida la Mambo Leo lilikuwa linatoka Tanganyika tangu 1923, nalo liliwazoesha wasomaji hadithi za mfululizo.

Kwa vijana wengi wa shule za Tanganyika, Kenya na Zanzibar wa kizazi kile, hizo ndizo zilizokuwa riwaya za kwanza kushika mkononi. Kabla yake walikuwa na hadithi za bibi, tenzi, na visa vya Alfu Lela U Lela vilivyosimuliwa barazani.

Tusidanganyane kuhusu enzi hizo. Waliopata shule walikuwa wachache. Tafsiri nyingi zilifupishwa kwa ajili ya wanafunzi, na hata Dickens aliyesomwa na Ngũgĩ shuleni alikuwa wa matoleo mepesi. Lakini kitabu kilichofupishwa bado ni hadithi. Kina mtu anayetaka jambo, kina kizuizi, kina usiku wa hofu na asubuhi ya matokeo. Kijana aliyesoma Oliver Twist iliyopunguzwa alikuwa bado amekaa na njaa ya yule mtoto yatima. Orodha ya sifa za mhusika haimpi msomaji nafasi hiyo.

Jim Hawkins au Sungura?

Wapo wanaosema kwamba tatizo halikuanza na miongozo. Lilianza zamani zaidi, pale mtoto wa Kiafrika alipokabidhiwa vitabu ambavyo ndani yake yeye hayumo, au yumo kama mshenzi.

Hoja hii ina uzito, na Ngũgĩ mwenyewe ndiye aliyeipigania kwa nguvu kuliko wengi. Katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha mwaka 1986, alieleza jinsi Jim Hawkins wa Treasure Island na Oliver Twist wa Dickens walivyochukua nafasi ya Sungura, Chui na Simba wa hadithi za nyumbani, na jinsi mtoto aliyekutwa akisema Kikuyu shuleni alivyoadhibiwa. Riwaya zilikuwa tamu, lakini zilikuja pamoja na kiboko.

Yapo yaliyo mazito zaidi. Januari 1955 aliingia Alliance, shule ya bweni iliyokuwa na maktaba kubwa kuliko zote alizowahi kuona. Muhula wa kwanza ulipokwisha alirudi nyumbani akakuta kijiji chao hakipo. Watu walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji kilichojengwa kwa amri ya dola. Katika rafu zote zile za maktaba, ni kitabu gani kingemweleza kijana huyu yaliyowapata watu wake?

Rider Haggard hakuweza. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani shujaa ni mwindaji wa Kizungu, na Afrika ni mahali pa kuchimbwa almasi. Mvulana wa Kinyamwezi aliyesoma kitabu hicho alijikuta akiomba Mzungu ashinde.

Ndiyo maana Oktoba 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Waraka huo ulitikisa ufundishaji wa fasihi hadi kwenye mitaala ya sekondari.

Upande wa pili nao una la kusema. Riwaya kubwa haina pasipoti. Mwaka 1967 Fortunatus Kawegere aliileta Shamba la Wanyama ya George Orwell kwa Kiswahili, na wasomaji wa Tanzania walitambua wanyama wale bila kuhitaji kufika Uingereza. Mwaka 1973 ikatoka Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya riwaya ya Chinua Achebe, na kijiji cha Umuofia kikasikika kama cha jirani.

Tena yupo Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Alizifahamu hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Lakini alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyopata tuzo ya Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki na kuchapishwa mwaka 1960, alituletea Bwana Msa mwenye kiko chake, na rafiki yake Najum, wakitegua mafumbo katika mashamba ya Unguja. Mambo ni ya Unguja, na lugha ni ya Unguja tupu. Aliyesoma sana cha wenzake alijua namna ya kusimamisha cha kwake.

Kwa hiyo jibu la ugomvi huu halihitaji kuchagua upande mmoja na kuzika mwingine. Kijana aanze na vyake, kisha afunguliwe mlango wa vya wengine, na ikiwezekana kwa lugha anayoota nayo.

Hazina tuliyo nayo

Na vyake vipo. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, kisa cha nchi inayoelea angani. Karama anashitakiwa kwa kosa la kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kuwasimulia watawala habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu, wakarudi na mawazo mema, wakatupwa gerezani. Mwandishi alichapisha hayo miaka kumi kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Mwaka 1945 Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaopendana na kukosa mtoto. Ilikaa miaka 35 bila kuchapishwa. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata.

Katikati hapo pana miaka ya 1970, ambayo riwaya ya Kiswahili ilichanua kuliko wakati mwingine wowote. Euphrase Kezilahabi, naye wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971 na Kichwamaji mwaka 1974. Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Kiu na Nyota ya Rehema. Shafi Adam Shafi aliandika Kasri ya Mwinyi Fuad, kisha Kuli, ambayo msingi wake ni mgomo wa wapakizi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948. Said Ahmed Mohamed akaleta Utengano mwaka 1980.

Kenya nayo ilitoa Siku Njema ya Ken Walibora mwaka 1996. Maelfu ya Wakenya wa rika fulani ukiwatajia Msanifu Kombo, kijana wa Tanga aliyevuka mpaka kumtafuta baba yake hadi Kitale, watakusimulia kisa kama habari ya ndugu yao. Kilikuwa kitabu cha mtihani, lakini walikisoma. Hilo lithibitishe kwamba mtihani na mapenzi ya kitabu vinaweza kukaa nyumba moja.

> Miongozo haikuua hamu ya kusoma kwa sababu riwaya zetu ni mbovu. Riwaya zetu ni nzuri, ila hazifiki mikononi.

Hofu ya wazazi na walezi

Kuna kikwazo kingine kinachotajwa kwa sauti ya chini: maadili. Rosa Mistika ilipotoka ilizuiwa shuleni. Walioizuia waliona inaeleza waziwazi mno mambo ya mapenzi na mimba. Baadaye iliruhusiwa, ikasomwa hata na watahiniwa, na leo inatajwa miongoni mwa riwaya bora za lugha yetu.

Ubishi huo haujaisha. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku shuleni vitabu 16 vya watoto, ukiwamo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume cha mila na maadili.

Mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe anasoma nini, na si kila kitabu kinafaa kila umri. Ila katika riwaya za daraja la Rosa Mistika, tuangalie mvulana anayezisoma anapata nini. Anamkuta msichana aliyepigwa na baba mlevi kwa sababu ya barua ya mvulana. Anamfuata hadi bwenini na chuoni, anaona woga ulivyogeuka kuwa ulegevu, anaona wanaume wazima, wenye vyeo, wanavyomtumia. Kijana wa miaka 17 aliyesoma kisa kile chote amefundishwa juu ya heshima ya mwanamke kuliko atakavyofundishwa na mabango. Aliyesoma orodha inayosema "dhamira: malezi mabaya" hakufundishwa kitu.

Mwalimu aliye karibu na kitabu kigumu ni ulinzi bora kuliko kufuli. Kijana ana simu, na yaliyomo kwenye simu hayana mwalimu.

Walimu nao wasikilizwe

Ni rahisi kumlaumu mwalimu. Lakini mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kata yenye madarasa yaliyofurika anafundisha sarufi, utungaji, ushairi, tamthilia na riwaya katika vipindi vya dakika 40. Muda wa kusoma riwaya nzima darasani haumo kwenye ratiba. Nakala zikipatikana huwa chache, na mara nyingine ni moja, ya kwake mwenyewe.

Shule hupimwa kwa matokeo. Mwalimu ambaye wanafunzi wake wamesoma vitabu lakini wakapata alama za chini hataitwa kupongezwa. Anapowapa uchambuzi uliokwisha kupikwa, anafanya kile ambacho mfumo unamdai.

Mzazi naye hesabu zake zinaeleweka. Riwaya tatu ni fedha, na uchambuzi mmoja unazieleza zote tatu kwa bei ya chini. Kwa familia inayohesabu nauli ya kila siku, uamuzi huo hauhitaji mjadala.

Soko la vitabu lina historia yake pia. Miaka ya 1980 uchumi ulipoyumba, karatasi ilikuwa adimu na wachapishaji waliokuwa wamekuza riwaya ya miaka ya 1970 walidhoofika, wengine wakafunga kazi. Riwaya nyingi nzuri zilikaa miaka bila kurudiwa kuchapwa. Waliobaki waligundua kwamba kitabu cha kiada na mwongozo wa mtihani ndivyo vinavyowalipa.

Wachapishaji wa miongozo wana hoja yao: wanamsaidia mtoto wa shule isiyo na mwalimu wa kutosha. Ni kweli kwamba mwongozo uliosomwa baada ya kitabu unaweza kumfumbua macho msomaji, na uhakiki ni taaluma yenye heshima. Dosari ni kwamba umepewa kiti cha kitabu.

Anachopoteza kijana

Tukubaliane kwanza kwamba hasara haiko kwenye alama, ndiyo maana haionekani haraka.

Anapoteza uvumilivu. Kusadikika inamtaka msomaji amsikilize Karama siku baada ya siku, mjumbe baada ya mjumbe, bila kujua hukumu itakuwaje. Kukaa na jambo refu bila jibu la papo hapo ni uwezo ambao wakili, daktari, fundi na mbunge wanauhitaji, na haupatikani kwa kukariri hoja tatu.

Anapoteza lugha. Kiswahili cha Shafi Adam Shafi kimejaa harufu ya bandari na vichochoro vya Mji Mkongwe, cha Kitereza kimebeba adabu za watu wa ziwani, cha Walibora kimenawiri misemo. Kiswahili cha uchambuzi ni kimoja, kikavu, popote utakapokinunua. Kijana anayelishwa hicho peke yake ndiye tunayemshangaa baadaye anapoandika barua ya kazi isiyosomeka.

Anapoteza pia historia ya kwao. Mgomo wa 1948, maisha ya mashamba ya karafuu kabla ya mapinduzi, mvutano wa mji na kijiji baada ya uhuru: mengi ya hayo kijana wa kawaida angeyafahamu kwa kuwafuata watu ndani ya riwaya kabla hajayakuta kwenye somo la historia.

Na hasara iliyo kubwa kuliko zote ni ile inayotupata sisi wengine. Ngũgĩ alitoka kwenye Treasure Island akitaka kuandika. Mwaka 1964 ilitoka Weep Not, Child, na kisa chake ni mvulana mwenye kiu ya shule katika Kenya ya hali ya hatari, yaani kitabu kile ambacho hakikuwamo katika rafu za shule yake. Hakuna aliyewahi kutoka kwenye orodha ya dhamira akitaka kuandika riwaya.

> Mtihani ukiuliza kile ambacho mwongozo unakijua, mwongozo ndio utakaosomwa.

Yanayowezekana kuanzia muhula huu

La kwanza ni mtihani. Watunga mitihani wa Tanzania na Kenya wanaweza kuweka maswali ambayo majibu yake hayauziki stesheneri. Mtahiniwa apewe kifungu cha riwaya asiyoijua, aeleze mwandishi amefanyaje kumfanya msomaji aogope au ahurumie. Au aandike barua kutoka kwa mhusika mmoja kwenda kwa mwingine. Aliyesoma kitabu atafurahi, na aliyekariri atajua kwamba mwakani asome.

La pili ni mpangilio wa kufundisha. Kitabu kisomwe chote kwanza, neno dhamira litajwe baadaye. Shule za bweni zina prepo kila jioni. Jioni moja kwa wiki iwe ya riwaya, mwanafunzi mwenye sauti nzuri asome na wengine wasikilize. Nakala moja inatosha darasa zima kwa njia hiyo. Wazee wetu walisikiliza hadithi hivyohivyo, na Stevenson aliwasomea wa nyumbani kwake hivyohivyo.

La tatu ni vitabu vyenyewe. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967 kwa imani kwamba taifa jipya linahitaji wasomaji. Mwalimu mwenyewe, katikati ya kazi za urais, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Imani hiyo inapaswa ifike kwenye sanduku la vitabu thelathini katika kila shule ya kata, na isiishie kwenye majengo ya mjini. Bajeti ya shule ikitenga fungu la madawati, itenge na la riwaya.

La nne, wachapishaji wapewe sababu ya kurudisha riwaya za zamani sokoni na kutafuta mpya. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ni mwanzo mwema. Mwaka 2022 Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobel mwaka 2021, ilichapishwa na Mkuki na Nyota. Kijana wa Unguja sasa anaweza kuisoma riwaya hiyo kwa lugha ya nyumbani kwake, mradi kuna mtu wa kuifikisha shuleni kwake.

Neno kwa msomaji

Serikali, mabaraza ya mitihani na wachapishaji wana wajibu wao, na makala haya yanawadai wautimize. Lakini kila mmoja aliyesoma hadi hapa ana la kufanya bila kusubiri waraka.

Kama wewe ni mwalimu, kataa kugawa uchambuzi kabla darasa halijamaliza kitabu. Utapoteza wiki chache na utapata wasomaji. Kama wewe ni mkuu wa shule, fungua kabati la maktaba; vitabu vilivyofungiwa ili visichakae vinachakaa bila kusomwa.

Kama wewe ni mzazi, mwezi huu mnunulie mwanao riwaya moja ya Kiswahili kabla ya kumnunulia mwongozo wake, uisome na wewe, kisha mwulize imemfanya afikiri nini. Na wewe uliyemaliza shule zamani, una kitabu ulichokipenda kimelala kabatini. Mtafute kijana mmoja wa mtaani kwenu, umwazime, kizima, bila maelezo.

Mwandishi wa kesho wa Kiswahili yuko darasani sasa hivi. Apewe kitabu.